Mwana Mwema, Ndugu Mwema: Ni Nani Astahikiye Jina Hilo?

 

Katika miji yetu ya pwani, mtu akifa, maneno mawili hayakosi kusemwa juu yake. Husemwa kuwa alikuwa mwana mwema kwa wazazi wake, na husemwa kuwa alikuwa ndugu mwema kwa nduguze. Husemwa barazani, husemwa penye matanga, na husemwa magazetini pamoja na picha yake na majina ya jamaa zake wote. Hatuna neno na desturi hiyo, kwani kuwataja maiti kwa mema yao ni adabu tuliyofundishwa. Lakini sifa apewayo kila mtu huishia kutokuwa sifa ya mtu yeyote. Akisifiwa aliyewabeba nduguze mgongoni kwa maneno yale yale asifiwayo aliyewakalia nduguze kichwani, basi tumemdhulumu wa kwanza, na tumewadanganya vijana wanaotusikiliza.

Kwa hivyo tumeona inafaa tuulize swali hili kwa utulivu: mtu huwaje hata akastahiki kuitwa mwana mwema na ndugu mwema? Je, yatosha kuwa aliwapenda jamaa zake? Au iko mizani nyengine ambayo mapenzi yenyewe hupimwa kwayo?

Maneno matupu hayaonyeshi mizani, kwa hivyo tutachukua maisha ya mtu mmoja ambaye khabari zake zajulikana na wengi, naye ni Thomas Joseph Mboya, aliyezaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la katani la Kilima Mbogo, chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, mpakani mwa nchi ya Ukamba, akauawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, naye ana umri wa miaka 38.

Huenda msomaji akatuuliza: Mboya alikuwa Nasara, tena Mjaluo wa bara, ana nini na sisi? Twamjibu kwa mambo mawili. La kwanza, Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoulizwa akawakumbusha wenziwe kuwa hiyo nayo ni nafsi. Na Asma binti Abubakar, alipojiwa na mama yake aliyekuwa angali katika ushirikina, aliruhusiwa na Mtume amuunge wala asimkate. Dini iliyofungua mlango huo haituzuii kuchukua zingatio katika maisha ya mtu asiyekuwa wa mila yetu. La pili, khabari yenyewe yatuhusu, kwani mtu huyu alifika Mombasa na alikuwa na athari katika riziki ya watu wa bandarini, kama tutakavyoeleza.

Baba yake, Leonardus Ndiege, alitoka kisiwa cha Rusinga katika ziwa la Nyanza, akaja kufanya kazi katika shamba lile la katani lililokuwa likijulikana kwa jina la Sir William Northrup McMillan. Alifanya kazi pale miaka 25, akapanda mpaka akawa nyapara. Mama yake aliitwa Marcella Onyango. Mtoto akakua kati ya vibarua wa kila kabila, na alipofika umri wa miaka tisa, mwaka 1939, babake akampeleka katika shule ya misheni ya Kabaa, wilaya ya Machakos. Wengi wetu wa pwani twaijua Machakos kwa khabari za wazee, kuwa misafara iliyotoka Mombasa ikipita huko kabla ya reli kujengwa. Basi huko ndiko mtoto huyu wa Kijaluo alikoanzia masomo, katikati ya watoto wa Kikamba. Mwaka 1942 akahamia Yala, katika Nyanza, na mwaka 1946 akaingia shule ya Mangu.

Hapo ndipo tunapofika penye jambo tulilolikusudia. Alipokuwa Mangu, mtihani mkubwa wa Cambridge ukiwa mbele yake, mshahara wa babake haukuweza kuchukua ada yake yeye pamoja na ada ya wadogo zake. Ilibidi mmoja aache ili wengine wapate, na aliyeacha ni yeye. Mwaka 1948 akaingia katika mafunzo ya wakaguzi wa afya, akayamaliza mwaka 1950, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Yeye mwenyewe amesimulia juu ya utoto wake na masomo yake katika kitabu chake kiitwacho Freedom and After, kilichotoka mwaka 1963.

Tutazame jambo hili vizuri, kwani ni jambo la kila nyumba. Ni nyumba ngapi kwetu ambamo mtoto mmoja amesoma kwa kuwa mwengine hakusoma? Kaka ameingia baharini au dukani akiwa na miaka kumi na tano ili mdogo wake afike chuoni. Dada amebaki jikoni na mamake mgonjwa ili nduguye asikatize masomo. Kisha aliyesoma hurudi na suti yake na maneno yake, akaona haya kutembea na aliyeuza samaki kwa ajili yake. Watu husema, "Fulani ameinua nyumba yao." Kweli ameiinua, lakini ni nani aliyemshikilia ngazi?

Basi mizani ya kwanza tunayoiona ni gharama. Mapenzi yasiyomgharimu mtu kitu hatuyakatai, lakini hayatoshi kumpa mtu jina la mwana mwema au ndugu mwema. Kuna kutoa katika ziada, na kuna kutoa katika fungu lako mwenyewe. Atoaye ziada amefanya hisani, na Mungu atamlipa. Lakini atoaye fungu lake, akabaki yeye na upungufu ili mwenziwe atimie, huyo ndiye tumtajaye kwa jina la ndugu. Katika sira tunasoma kuwa mwaka wa njaa ulipowapata Makureshi, Mtume alimwendea ami yake Abbas, wakashauriana wampunguzie mzigo Abu Talib aliyekuwa na watoto wengi. Mtume akamchukua Ali, na Abbas akamchukua Jaafar. Hawakumpelekea Abu Talib salamu za pole wala hawakumtungia maneno mazuri. Walimwondolea matumbo mawili ya kulisha. Hivyo ndivyo ujamaa unavyosema unapokuwa na ulimi wa kweli.

Mizani ya pili ni haki. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwani mapenzi ya jamaa yana nguvu, na kitu chenye nguvu huweza kuvunja kama kiwezavyo kujenga. Mtu hukaa katika afisi ya watu wote, akampa kazi mpwawe asiyeijua kazi, akamnyima mtoto wa jirani aliyeisomea. Mtu huchukua mali ya amana akajenga nyumba ya mamake. Anapokufa, jamaa zake husimama wakasema, "Alikuwa mwana mwema." Sisi twauliza: mwema kwa mali ya nani? Mtume ametufundisha kumnusuru ndugu akidhulumiwa na akidhulumu, na alipoulizwa vipi anusuriwe mwenye kudhulumu, alieleza kuwa kumnusuru huyo ni kumzuia na dhuluma yake. Basi ndugu anayekusaidia kula haki ya mtu hakukunusuru, bali amekusindikiza katika maangamizo.

Na dhuluma iliyo mbaya zaidi ni ile ipitayo ndani ya nyumba yenyewe. Ni watu wangapi katika miji yetu waliozikwa kwa sifa ya undugu mwema, na hali dada zao mpaka leo hawajapata sehemu yao katika shamba la minazi la marehemu baba yao? Dada hunyamaza kwa kuona haya, au kwa kuogopa kuitwa mwenye tamaa. Kunyamaza kwake hakumhalalishii nduguye hata kifuu cha nazi. Mwenyezi Mungu amezitaja sehemu za warithi moja moja, na mume na mke wote wamo. Aliyempa dada yake haki yake ametimiza faradhi. Asidhani kuwa amefanya ukarimu. Na aliyemnyima, asitajwe kwa jina la ndugu mwema hata kama kila Ijumaa alimpelekea sukari na majani ya chai.

Turudi kwa mtu tuliyekuwa tukimtaja. Alipoingia kazini Nairobi alikuta mkaguzi wa Kiafrika akilipwa sehemu moja tu katika sehemu tano za mshahara wa mkaguzi wa Kizungu, na kazi ni moja. Angeweza kuushika mshahara wake mdogo, akawasaidia nduguze, akanyamaza. Hapana ambaye angemlaumu, kwani aliyeiacha shule kwa ajili ya wadogo zake alikuwa amekwisha kufanya lake. Lakini aliona kuwa dhuluma iliyompata yeye imewapata wengi, na kuwa ada iliyomshinda babake imewashinda baba wengi. Akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Mwezi wa Machi mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, tena katika siku za hali ya hatari, alishuka pwani, akasema nao, wakarudi kazini, na madai yao yakapelekwa katika usuluhishi hata wakapata nyongeza ya karibu thuluthi ya mshahara. Katika makuli wale wamo Waislamu na wasiokuwa Waislamu, watu wa pwani na watu wa bara, na nyongeza ile haikumwuliza mtu dini yake wala kabila yake.

Kisha likaja jambo ambalo kwa rai yetu ni taji ya khabari hii. Mtu ambaye hakuweza kumaliza masomo kwa kukosa ada akageuka kuwa mlango wa masomo kwa wana wa wengine. Alikwenda Marekani akawaomba watu wa huko, na kati ya waliomwitikia walikuwamo watu weusi mashuhuri kama Harry Belafonte na Jackie Robinson. Mwezi wa Septemba mwaka 1959 ndege ya kukodi ikaondoka na vijana 81. Mwaka 1960 wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa ajili ya safari hizo, na katika vijana wa mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa tunzo ya Nobel ya amani. Kufikia mwaka 1963 waliosafirishwa walikuwa karibu 800. Aliyekuwa kaka wa wadogo zake wachache akawa kama kaka wa mamia ambao hakuzaliwa nao.

Basi hii ndiyo mizani ya tatu, nayo ni upana. Lakini hapa twasimama kidogo, kwani kuna hoja yenye nguvu ambayo haifai kupuuzwa. Huenda mtu akasema: "Mapenzi ni kama maji katika mtungi, ukiwagawia watu wote, wa nyumbani watakufa kwa kiu. Wazee wetu wamesema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Anayejifanya ndugu wa kila mtu mwishowe huwa si ndugu wa mtu yeyote." Maneno haya si ya mpumbavu. Sote tumewaona watu wanaosifiwa mijini kwa ukarimu wao, na hali mama zao wala kwa majirani. Na sharia yetu yenyewe imepanga daraja: wazazi kwanza, kisha jamaa wa karibu kwa ukaribu wao, kisha jirani, kisha wengine.

Twajibu kuwa daraja ni kweli, na aliyeruka ngazi ya kwanza hana haki ya kujisifu kwa ngazi ya tano. Lakini ngazi hujengwa ili watu wapande. Hakuna ajengaye ngazi ili akae juu ya kidato cha kwanza. Nyumba ni chuo ambacho ndani yake mtu hufundishwa kutoa fungu lake. Mtoto hajifunzi huruma kwa kuhubiriwa juu ya ulimwengu mzima. Huijifunza siku anapoambiwa amwachie mdogo wake kipande kikubwa cha mkate. Akiisha kujifunza, somo lile halikwishi mlangoni. Mtu aliyejua uchungu wa ada ya nduguye huujua uchungu wa ada ya mtoto wa mtu. Nabii Musa alimwombea nduguye Harun kwa Mola wake, akapewa, na wanavyuoni wamesema kuwa hapana ndugu aliyempatia nduguye jambo kubwa kuliko hilo. Lakini Harun hakupewa ili jamaa yao istarehe. Alipewa ili asaidie kuwatoa watu katika utumwa.

Mboya mwenyewe alikuwa waziri wa mipango ya uchumi serikali ya Kenya ilipotoa waraka nambari 10 wa mwaka 1965, ambao yeye alikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Waraka ule ulisema, kwa maana yake, kuwa wajibu wa watu kusaidiana ni ile roho ya jamaa ya Kiafrika iliyotandazwa mpaka ikaenea taifa zima. Watu wameuhitilafia waraka huo, na yako mengi ndani yake ya kujadiliwa. Lakini wazo hilo moja lafaa kushikwa: kuwa undugu mpana haujengwi kwa kuuvunja ule wa nyumbani.

Wala hatusemi kuwa mtu huyu alikuwa malaika. Alikuwa mwanasiasa, na siasa ina vumbi lake. Katika mkutano wa Limuru mwaka 1966 alikuwa mstari wa mbele katika kumwondolea Oginga Odinga cheo chake katika chama cha KANU, na Wajaluo wengi walimwona kuwa amewageuka watu wake. Twalitaja hili kwa kuwa sifa isiyotaja upande wa pili si ushahidi.

Tazama sasa yaliyofuata. Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara iliyokuwa ikiitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Aliyeshitakiwa kwa mauaji hayo, Nahashon Isaac Njenga Njoroge, alihukumiwa kufa. Mtu aliyezaliwa mpakani mwa Ukamba, akasomea Machakos pamoja na Wakamba, akachaguliwa na watu wa Nairobi wa makabila yote, mara alipokufa akageuzwa kuwa mali ya kabila moja dhidi ya jengine. Siku ya ibada ya maziko fujo ikatokea mbele ya kanisa Nairobi. Viapo vya kikabila vikaapwa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule watu wakapigwa risasi Kisumu wakafa. Waliosema kuwa wanamlilia ndugu yao walisahau jambo ambalo ndugu yao alilifanyia kazi, na waliosema kuwa wanajilinda na ndugu zao walisahau kuwa walindwao na waogopwao wote ni wana wa nchi moja. Wahenga walisema kuwa ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, na wakipatana, shika kikapu ukavune. Nchi ile haikushika jembe, ilishika rungu.

Hapa ndipo penye zingatio kubwa kwetu tulio hai. Marehemu hupimwa kwa maisha yake, lakini waliobaki nao hupimwa kwa namna wanavyomkumbuka. Mwaka 2011 sanamu ya Mboya ilisimamishwa katika barabara ile ile alikouawa, na watu hupita chini yake kila siku wakienda kwenye shughuli zao. Sisi hatuna desturi ya masanamu, lakini tunayo yetu yaliyo mfano wa hayo. Tuna matanga ya siku nyingi. Tuna mchele na ng'ombe wa hitima, wakati mwengine kwa fedha za kukopa, wakati mwengine katika mali ya mayatima ambao hawajabaleghe kutoa ruhusa. Watu hula, husifu, hufuta mikono, huondoka. Kesho yake mjane huanza kudaiwa kodi, na mtoto aliyekuwa akilipiwa ada na marehemu hurudishwa nyumbani na mkoba wake.

Je, huko ndiko kumkumbuka mwana mwema na ndugu mwema? Ikiwa wema wake ulikuwa ni mzigo alioubeba, basi kumkumbuka ni kuushika mzigo huo pale alipouangusha. Kwanza, madeni yake yalipwe kabla ya sahani ya kwanza ya pilau, kwani deni ni haki ya mtu na mirathi haigawanywi mpaka litoke. Pili, iulizwe wazi mbele ya jamaa wote: ni nani aliyekuwa akiishi kwa mkono wake? Mama mzee, mdogo aliye shuleni, dada aliyeachwa na mumewe, kila mmoja atajwe kwa jina, na kila jamaa aseme atachukua nini. Tatu, warithi wa kike wapewe sehemu zao kabla machozi hayajakauka, kwani haki ikicheleweshwa hupata wenye kuizoea. Nne, kiasi ambacho kingekwenda katika karamu kitengwe kwa ridhaa ya wenyewe, kiwe ada ya mtoto mmoja asiyekuwa na mlipaji. Tumefundishwa kuwa amali ya mwanadamu hukatika akifa ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mwana mwema amwombeaye. Ada ya mtoto maskini yaingia katika mambo hayo kuliko mfupa uliotafunwa.

Na kijana anayetusoma, ambaye bado ana wazazi na ndugu, asingoje mpaka asifiwe na wengine akiwa ndani ya sanda. Ajiulize usiku wa leo: ni fungu langu lipi nililolitoa? Ni haki ya nani niliyoishika? Na wema wangu umekomea wapi? Akiona kuwa majibu yake ni machache, mlango haujafungwa, madamu mamake bado aitika anapomwita.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wema kwa wazazi wetu na ndugu zetu, atulinde na dhuluma ivaayo nguo ya mapenzi, na aziunganishe nyoyo zetu katika haki. Wassalaam.